MSIKILIZE MTOTO AKISOMA



Mwezi huu safu yetu ya Mzazi na Shule inakuomba kazi moja ndogo. Kazi hii haina gharama. Leo jioni mwite mtoto wako aliye darasa la pili, la tatu au la nne. Mwambie alete kitabu chake. Mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti.

Sikiliza. Pengine atasoma haraka, bila kukwama. Utafurahi. Lakini ngoja kwanza. Funika picha kwa kiganja chako. Kisha weka kidole kwenye neno moja lililo katikati ya mstari. Mwulize, "Hili ni neno gani?"

Kama anasoma kweli, atakujibu mara moja. Kama hasomi, utamwona anarudi mwanzo wa ukurasa. Ataanza kusema maneno yote tena mpaka afike pale penye kidole. Mtoto huyo amekariri. Amewasikia wenzake darasani wakisema kwa pamoja, naye ameshika maneno yote kichwani kama wimbo. Ukimfungulia ukurasa mwingine atanyamaza.

Usimkasirikie. Mtoto aliyeshika ukurasa mzima kichwani ana akili nzuri. Amefanya hivyo kwa sababu anaogopa kuonekana hajui. Mwaka hadi mwaka anapanda darasa akiwa na hofu hiyo. Akifika darasa la nne anakutana na mtihani wa taifa wa upimaji. Pale hakuna wenzake wa kusema nao kwa pamoja. Yuko peke yake na karatasi.

Watoto wa namna hii ni wengi. Kuanzia mwaka 2010 mpango uitwao Uwezo ulipeleka watu nyumba kwa nyumba hapa Tanzania. Watu hao waliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Katika upimaji wa kwanza, zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi hiyo. Mwaka 2015 Serikali ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili. Mtaala huo ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mwaka uliofuata, 2016, elimu bila malipo ilianza kutekelezwa. Watoto wengi sana waliandikishwa. Hilo ni jambo jema. Lakini madarasa nayo yalijaa.

Tufanye hesabu. Kipindi kimoja ni dakika 30. Tuseme darasa lina watoto 60. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja atapata nusu dakika. Na hapo mwalimu hajaandika ubaoni, hajaita majina, hajamtuliza hata mtoto mmoja. Kwa hiyo mwalimu hufanya analoweza. Huwasomesha wote kwa pamoja. Anayejua na asiyejua wote wanapaza sauti.

Nyumbani kwako hakuna watoto 60. Dakika 10 za jioni moja kwako ni sawa na vipindi 20 vya nusu dakika shuleni.

"MIMI MWENYEWE NIMEJIFUNZA JUZI"

Najua utasema hivyo. Utasema, mimi nimetoka darasa la kisomo mwaka huu tu. Bado nafuata mstari kwa kidole. Nitamfundishaje mtoto wa shule?

Hukuombwa kumfundisha. Umeombwa kumsikiliza. Tena wewe una kitu ambacho mwalimu amekisahau siku nyingi. Unakumbuka neno refu linavyotisha. Unakumbuka ulivyotoka jasho siku uliyosoma jina lako mbele ya wenzako. Mwalimu alijifunza kusoma akiwa mtoto, hakumbuki tena. Wewe unakumbuka.

Sikiliza pia habari hii ya nchi yetu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kiasi cha 67 hawakujua kusoma. Ikaja kampeni ya kisomo chenye manufaa. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala na makanisani. Walisoma vitabu vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi na vya ufugaji. Kufika mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Kazi hiyo ilisifiwa dunia nzima.

Lakini wengine waliokuwa wamejua walisahau. Walifaulu mtihani wa kisomo, wakapata cheti, wakarudi shambani. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kusoma. Baada ya miaka michache herufi zikawaponyoka. Miaka iliyofuata idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena. Viongozi wa elimu walikuwa wameiona hatari hiyo mapema. Ndiyo sababu magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji vilianzishwa miaka ile. Walijua kwamba mtu asiyesoma kitu chochote husahau kusoma.

Mtoto naye ni hivyo hivyo. Akisoma darasani tu, kwa nusu dakika, tena kitabu asichokipenda, hatapata wepesi. Na asiyekuwa na wepesi haoni raha. Asiyeona raha hasomi. Hapo ndipo tunapotaka kumtoa.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Keti naye upande mmoja, ili nyote wawili mwone ukurasa. Usikae mbele yake kama hakimu. Kitabu akishike yeye. Kama macho yake yanaruka mistari, mpe kijiti kidogo au kipande cha karatasi akiweke chini ya mstari.

Akikwama, nyamaza. Hapa wazazi wengi hushindwa. Mtoto akikwama kidogo tu, baba analitaja neno. Au dada yake analirukia kwa mbali kutoka jikoni. Hesabu moyoni polepole mpaka tano. Mara nyingi mtoto atalipata mwenyewe, nawe utaona uso wake unavyobadilika. Kama tano imepita na bado amekwama, mtajie neno kwa sauti ya kawaida, aendelee. Usigeuze neno moja kuwa somo la nusu saa.

Na wewe pia usilijue neno hilo? Basi lisomeni pamoja, silabi kwa silabi. Haina aibu. Mtoto akiona mtu mzima naye anahangaika na neno mpaka linakubali, ataona kwamba kukwama ni jambo la kawaida.

Kiswahili kina bahati. Silabi "ba" husomwa "ba" popote ilipo. Lugha nyingine hazina bahati hiyo. Waulize watoto wa sekondari wanavyoteseka na maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo mtoto akishajua silabi anaweza kusoma neno lolote. Shida yake ni urefu. Chukua neno "walimkimbilia". Mtoto anasoma wa-li-m-ki-mbi-li-a. Akifika "a" ya mwisho, "wa" ya kwanza imeshatoka kichwani. Ametamka sauti zote, lakini hajui ni nani alimkimbilia nani. Ndiyo maana akimaliza sentensi kwa kujikongoja, mwambie airudie yote mara moja zaidi. Safari hii itakwenda haraka, na maana itakuja.

Ukurasa mmoja usomwe jioni tatu. Jioni ya kwanza ni kama kupita njia yenye mawe usiku. Jioni ya pili anajua mawe yako wapi. Jioni ya tatu anapita huku akicheka na kutazama picha. Usiseme, "Huu ukurasa si umeshausoma jana?" Kurudia ndiko kunakoleta wepesi. Lakini jioni ya tatu fanya tena ule mchezo wa kidole, uhakikishe hakukariri.

Zipo herufi zinazosumbua. "Ng'ombe" na "ngoma" huwachanganya wengi. Vilevile "dh", "gh" na "th", hasa kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani haina sauti hizo. Katika sehemu nyingine watoto huchanganya "r" na "l". Mtoto anaona "kura", anasoma "kula". Kabla hujamsahihisha, mwulize maana. Akisema ni ile karatasi inayotiwa kwenye sanduku siku ya uchaguzi, basi amesoma vizuri. Ulimi tu ndio wa nyumbani. Akisema ni ugali, hapo msahihishe.

Vijiji vingi vyetu havizungumzi Kiswahili nyumbani. Mtoto anaweza kuzitamka silabi zote za Kiswahili bila kuelewa kitu. Kwa hiyo akimaliza ukurasa mwambie akusimulie kwa lugha yenu ya nyumbani, Kisukuma, Kigogo, Kihaya au nyingine. Akiweza kusimulia, ameelewa. Wazazi wengine hudhani lugha ya nyumbani inaharibu masomo. Sivyo. Inakuonyesha kilichoingia kichwani na kilichopita juu.

FIMBO NA KICHEKO

Jambo hili tuliseme wazi. Mtoto asipigwe kwa kukosea neno. Wapo wazazi wanaoweka fimbo mezani kabla kitabu hakijafunguliwa. Mtoto anasoma jicho moja likiwa kwenye mstari na jingine kwenye fimbo. Atajifunza kitu kimoja tu: kusema kitabu kimepotea.

Kicheko cha ndugu zake ni kibaya karibu sawa na fimbo. Kaka wa darasa la saba akimcheka mdogo wake mara mbili, mdogo hatasoma tena mbele ya watu. Mpe kaka huyo kazi. Mwambie amsomee mdogo wake ukurasa wa kwanza, kisha mdogo asome wa pili. Atajiona mwalimu, na mwalimu hacheki.

Sifa nayo iwe ya kweli. Usiseme tu "vizuri, vizuri". Sema, "Jana lile neno 'walimkimbilia' lilikushinda. Leo umelipita bila kusimama." Mtoto atajua kwamba ulikuwa unasikiliza kweli.

Na binti zetu je? Jioni kaka anakaa na daftari. Dada anachota maji, anaosha vyombo, anambeba mdogo. Kisha tunasema huyu binti si mwepesi wa masomo. Atakuwaje mwepesi? Mtoto wa kiume ana mikono. Achote maji yeye siku mbili, dada asome.

Kama mafuta ya taa ni ghali na taa ya jua hamna, msingojee usiku. Mama anapochambua maharage alasiri, mikono yake ina kazi lakini masikio yake hayana kazi. Mtoto akae kando yake asome. Bibi asiyejua hata herufi moja naye ni msikilizaji mzuri sana. Mara nyingi hushinda wengine, kwa sababu hana haraka na hajui kusahihisha. Anachotaka ni hadithi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jana tulimwacha fisi shimoni. Ikawaje?"

Mtoto aliyeulizwa hivyo atafungua kitabu mwenyewe. Atasoma ili bibi ajue fisi alitokaje. Hajui kwamba anafanya mazoezi.

VITABU VITATOKA WAPI?

Kabla ya kusema hakuna, tazama nyumbani kwako. Kuna maandishi kwenye mfuko wa mbegu, kwenye kopo la dawa ya mifugo na kwenye sabuni. Kuna kanga ya mama. Maandishi ya kanga ni makubwa, nayo huwa ya herufi kubwa tupu, kwa hiyo mtoto anajizoeza herufi ambazo kitabuni huziona kidogo. Kuna simu. Ujumbe ukija kutoka kwa kaka aliyeko mjini, mpe mtoto ausome kwa sauti mbele ya wote. (Ujumbe wa pesa soma mwenyewe. Namba ya siri haimhusu mtoto.)

Unaweza pia kutengeneza kitabu. Chukua karatasi nne za daftari. Zikunje katikati pamoja. Shona pale penye mkunjo kwa sindano na uzi. Umepata kitabu chenye kurasa 16. Babu asimulie hadithi, mtoto aandike sentensi moja kila ukurasa na kuchora picha juu yake. Kitabu hicho mtoto atakisoma mpaka kichakae, kwa sababu ni chake na hadithi ni ya babu yake.

Sasa tuje kwenye kabati la shule. Shule nyingi zina vitabu vya hadithi. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto, na vingi vimefika shuleni. Vingine vililetwa na Serikali au na wafadhili. Lakini nenda ukaulize viko wapi. Katika shule fulani vimo kabatini ofisini. Kabati lina kufuli. Vitabu bado vinanukia upya.

Tusiwalaumu walimu haraka. Kitabu kikipotea, mwalimu ndiye anayeulizwa. Mkaguzi akija anahesabu. Kwa hiyo mwalimu anavifungia ili hesabu itimie. Mchwa na panya hawahitaji ufunguo, lakini hayo hayaandikwi kwenye daftari la mali.

Jambo hili wazazi wanaweza kulitengeneza. Shule ina kamati, na katika kamati hiyo wamo wazazi. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa adabu.

"Mwalimu, habari za kazi."

"Nzuri, karibu mzazi."

"Ahsante. Nimekuja kuomba jambo. Tunaomba watoto waazimwe vitabu vya hadithi, waje navyo nyumbani siku ya Ijumaa, wavirudishe Jumatatu."

"Wazo zuri. Lakini vikipotea atalipa nani?"

Swali hilo ni la haki. Msilikimbie. Lipelekeni kwenye kamati, mkubaliane kabla kitabu cha kwanza hakijatoka. Vijiji vingine vinaweza kukubali kwamba anayepoteza alete kuku. Vingine vitakubali mfuko mdogo wa kijiji. Wekeni daftari la kuazima: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na sahihi ya mzazi. Sahihi hiyo utaweka wewe, kwa kalamu. Siku za dole gumba kwako zimekwisha.

Vitabu vivalishwe jalada la karatasi ngumu. Karatasi ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa vizuri inafaa sana. Watoto waoshe mikono kabla ya kusoma. Hata hivyo vitachanika. Kitabu kilichosomwa na watoto 40 kikachanika kimefanya kazi kuliko kilichokaa kabatini miaka 10 kikiwa kizima. Kamati iwaeleze wakaguzi hivyo.

Na mtoto akichagua kitabu, mwache achague. Wazazi wengine huona hadithi ya sungura ni upuuzi. Wanataka mtoto alete kitabu cha sayansi tu. Kitabu cha sayansi atakisoma vizuri zaidi baada ya sungura kumpa wepesi. Akitaka kukirudia kitabu kile kile mara kumi, sawa. Akitaka habari za mpira, sawa. Akitaka katuni, sawa. Akikiona kitabu ni kigumu mno, mwache akirudishe achukue kingine. Njia rahisi ya kupima ni hii: asome ukurasa mmoja huku ukikunja kidole kila anapokwama. Vidole vyote vitano vya mkono mmoja vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kisubiri kidogo. Na akimaliza, usimfanyie mtihani wa maswali kumi. Mwulize tu ni nani aliyemchekesha.

Kwa kuanzia, hadithi fupi iko hapa chini. Mpe mtoto gazeti hili alishike yeye. Wewe sikiliza.

MBUZI NA MWENYEKITI

Mbuzi aliingia jikoni. Alikula mahindi. Mama alisema, "Toka, mbuzi!" Mbuzi alitoka.

Mbuzi aliingia dukani. Alikula sabuni. Mwenye duka alisema, "Toka, mbuzi!" Mbuzi alitoka.

Mbuzi aliingia shuleni. Alikula chaki. Mwalimu alisema, "Toka, mbuzi!" Mbuzi alitoka.

Mbuzi aliingia ofisini. Mwenyekiti hakuwapo. Juu ya meza palikuwa na karatasi ndefu. Ilikuwa hotuba ya mwenyekiti. Mbuzi alikula karatasi yote. Hakuna aliyesema, "Toka, mbuzi!"

Saa nane watu walikuja mkutanoni. Jua lilikuwa kali. Mwenyekiti alisimama. Alitafuta karatasi mfukoni. Alitafuta chini ya kiti. Hakuiona.

Mwenyekiti alisema, "Ndugu wananchi, leo mkutano ni mfupi."

Watu wote walimtazama mbuzi. Kipande cha karatasi kilikuwa mdomoni. Watu wote walisema, "Ahsante, mbuzi!"